Video fupi za kuwafunza viongozi wa ushirika wa wanafunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Walezi wa shule, wachungaji wa vijana na viongozi wa wanafunzi wa Moshi na Arusha wanaotaka kuanza kutengeneza video za mafunzo kwa viongozi wa ushirika wa Kikristo shuleni na vyuoni hutuuliza karibu maswali yaleyale. Majibu tumeyaweka hapa ili mtu aliye Rombo, Monduli au Karatu asilazimike kusubiri hadi tukutane.

Semina zipo, makongamano ya Pasaka yapo. Video ya nini tena?

Semina ina thamani yake, na hakuna video itakayochukua nafasi ya kukaa na kijana uso kwa uso na kuomba naye. Shida iko kwenye kalenda. Kidato cha sita wanafanya mtihani wa taifa Mei, kidato cha nne wanafanya mwishoni mwa mwaka, na kabla ya hapo wanakabidhi madaraka. Anayepokea ukatibu Agosti anakuta kongamano la Pasaka limeshapita, aliyekuwa katibu amezama kwenye vitabu, na daftari la mihtasari halionekani. Atajifunza kazi kwa kubahatisha, na akianza kuielewa ni zamu yake ya kukabidhi.

Hilo ndilo pengo tunaloliziba. Video inabaki kwa mlezi hata kamati nzima ikibadilika. Iwe UKWATA, CASFETA, TYCS, TAFES au USCF, au chama kingine cha Kikristo cha wanafunzi, kila mwaka kuna kijana aliyechaguliwa kwa sababu anampenda Mungu na anajua kuomba, lakini hajawahi kuonyeshwa namna ya kuendesha kikao. Tumuonyeshe.

Wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi simu shuleni. Wataziangalia wapi?

Anzeni na swali hili kabla ya kushika kamera, maana jibu lake linabadilisha kila kitu kinachofuata.

Mwanachuo wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU), wa Makumira au wa Chuo cha Uhasibu Njiro ataangalia video kwenye simu yake, usiku, amelala kitandani, pengine bila sauti. Mwanafunzi wa kidato cha tatu wa bweni ataiangalia pamoja na wenzake thelathini, darasani au bwaloni, wakati wa kipindi cha dini au Jumamosi jioni, kupitia kompyuta ya mlezi, projekta ya shule au televisheni iliyochomekwa flashi. Hao ni watazamaji wawili tofauti kabisa.

Kwa sekondari, rekodini kwa kulaza simu. Video iliyosimama ikiwekwa kwenye projekta inaacha giza kulia na kushoto, na waliokaa nyuma hawaoni kitu. Maandishi yawe makubwa na machache, mstari mmoja au miwili kwa wakati. Halafu wekeni mahali pa kusimamisha: swali moja kwenye skrini, kimya cha sekunde kumi, ili mlezi abonyeze kitufe na wanafunzi wajadili. Kwetu sisi mjadala huo ndio somo lenyewe, na video inaufungulia mlango tu.

Kwa vyuo, video ya kusimama inafaa, na maandishi chini yake ni ya lazima. Mkitaka kuhudumia makundi yote mawili, rekodini kwa kulaza na anayeongea akae katikati, ili baadaye muweze kukata pande mbili bila kumkata kichwa.

Urefu uwe kiasi gani?

Dakika tatu hadi tano. Mtu anayeongea Kiswahili kwa utulivu anatumia takriban maneno mia moja kwa dakika, kwa hiyo andiko la maneno mia nne linawatosha. Likifika maneno mia saba, ndani yake kuna video mbili, zitenganisheni.

Jambo moja kwa video moja. "Uongozi wa kiroho" haliwezi kuwa somo la dakika nne. "Namna ya kufungua kikao na kukifunga kwa wakati" linaweza.

Tuanze na mada zipi?

Wengi huja na orodha ya mahubiri: utakatifu, imani, wito. Ni mambo makubwa, na madhabahu ipo kwa ajili yake. Kiongozi wa wanafunzi anahubiriwa vya kutosha. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kazi. Mitume katika Matendo 6 walipoona wajane wanasahaulika kwenye mgawo wa chakula, walichagua watu wa kusimamia jambo hilo, na sharti likawa wawe wamejaa Roho na hekima. Kazi ya kugawa chakula haikuonekana kuwa ya kimwili mno.

Mada ambazo walezi wetu wanazirudia zaidi ni hizi: kuandika muhtasari wa kikao, kupanga ratiba ya muhula, kuongoza kikundi kidogo cha Biblia bila kugeuka mhubiri, kumfuatilia mgeni, kupokea sadaka na michango na kuiandika mbele ya watu wawili, kuongoza sifa kwa muda uliopangwa, kusuluhisha kwaya na kamati zinapogombania spika, kukabidhi ofisi. Ongezeni ya kwenu. Shule ya kutwa ya mjini ina maswali ambayo shule ya bweni ya mlimani haina: wanafunzi wa kutwa wanawahi daladala, kwa hiyo ushirika wao una nusu saa tu.

Na tafadhali, mojawapo ya video za mwanzo iwe ya kusoma. Kiongozi anayefeli kwa kukesha kwenye maombi kila siku anawapa wazazi na walimu sababu ya kuuogopa ushirika, na wadogo zake wanaona kwamba kumtumikia Mungu na kusoma haviendi pamoja. Ratiba ya wiki iliyochorwa kwenye karatasi na kuonyeshwa kwa karibu inasaidia kuliko maonyo.

Andiko la video linaandikwaje?

Andikeni mnavyoongea, kisha msome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawe. Mpangilio wetu wa kawaida ni tatizo, namna ya kulifanya jambo, kisha kazi ya wiki.

Tuchukue video ya kumfuatilia mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekuja ushirika mara moja akapotea. Tunaigiza mara mbili. Mara ya kwanza vibaya:

KATIBU: Wewe, mbona siku hizi umepoa? Umerudi nyuma kiroho?
MWANAFUNZI: (anaangalia chini) Hapana.
KATIBU: Jumapili nisikukose.

Skrini inasimama. Swali: "Huyu mdogo wetu atakuja Jumapili? Kwa nini?" Mlezi anawaachia wajadili. Kisha mara ya pili:

KATIBU: Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu.
MWANAFUNZI: Amina, dada.
KATIBU: Wiki iliyopita sikukuona, nikasema nije nikujulie hali. Uko salama?
MWANAFUNZI: Niko salama. Nilikuwa zamu ya usafi bwenini.
KATIBU: Sawa. Zamu yako inaisha lini?
MWANAFUNZI: Ijumaa.
KATIBU: Basi Jumapili nitapita bwenini kwenu saa moja na nusu, twende wote.

Hapo hakuna hotuba. Wanafunzi wanaona wenyewe kwamba katibu wa pili aliuliza kabla ya kuhukumu, alisikiliza jibu, na alijitolea kupita mlangoni. Kazi ya wiki inaandikwa kwenye skrini: kila mjumbe wa kamati achague mwanafunzi mmoja ambaye hajaonekana, amtafute, na alete taarifa kikao kijacho. Mara nyingi darasa zima hucheka kwenye lile la kwanza, kwa sababu kila mmoja ameshaambiwa amepoa. Kicheko hicho kinafungua mioyo.

Simu ya kawaida inatosha, au tununue kamera?

Simu inatosha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, tumia kamera ya nyuma, na uweke simu kwenye hali ya ndegeni isije ikapigwa katikati ya tukio. Kama hamna stendi, iegemezeni kwenye vitabu vilivyopangwa juu ya meza hadi ifike usawa wa macho ya anayeongea. Kagueni pia nafasi iliyobaki kwenye simu kabla ya kuanza, maana kurekodi kukikatika nusu, kijana aliyekuwa amejikaza kuongea anapoteza ujasiri.

Fedha ya kwanza ikipatikana, nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye shati. Ya pili, stendi. Kamera isubiri.

Sauti yetu haisikiki vizuri. Tufanyeje?

Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu. Sauti mbovu haivumiliki, na bwaloni, ambako kuta zinarudisha mwangwi, inageuka kelele tupu. Hapa ndipo tunapowasihi mtumie muda mwingi.

Madarasa yetu yana sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati lisilo na dari. Sauti inagonga kila upande na kurudi. Ofisi ndogo yenye rafu za vitabu ni bora kuliko darasa. Chumba chenye kitanda, godoro na nguo zilizotundikwa ni bora zaidi, hata kama kamera inaangalia upande wa ukuta peke yake. Mkilazimika kutumia darasa, tundikeni mablanketi mawili matatu nyuma ya kamera na pembeni, mahali ambapo hayaonekani, na msogeze maiki hadi iwe shubiri moja na nusu kutoka mdomoni.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikianza kupiga bati hakuna programu itakayowaokoa. Rekodini asubuhi mapema au subirini. Kiangazi chenye upepo kina tatizo lake: nje, upepo ukiingia kwenye maiki unasikika kama ngurumo, kwa hiyo funikeni maiki kwa sponji au kipande cha kitambaa cha sufu.

Kabla ya kila kurekodi, kaeni kimya nusu dakika na kusikiliza. Mtasikia friji, bodaboda, jogoo, mashine ya kusaga, kwaya inayofanya mazoezi chumba cha tatu. Kinachozimika kizimeni. Kisha rekodini sentensi mbili, sikilizeni kwa spika za masikioni, halafu ndipo muanze. Na mkimaliza, rekodini sekunde ishirini za ukimya wa chumba hichohicho. Zitawasaidia kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Saa ngapi ni nzuri kurekodi nje?

Saa mbili hadi saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua la saa sita linakaa utosini na kutia vivuli vyeusi machoni. Watu wenye ngozi nyeusi wanapotea kabisa wakisimama mbele ya ukuta mweupe, kwa sababu simu inaupima ukuta na kuwafanya wao wawe giza. Tafuteni ukuta wa rangi iliyopoa, au miti, na mguse uso wa anayeongea kwenye skrini ili simu ipime hapo. Juni na Julai, mawingu yanapotanda Moshi na Arusha siku nzima, mwanga ni laini na mnaweza kurekodi saa yoyote.

Turushe droni tupate na mlima?

Hapana. Droni inahitaji vibali, na Kilimanjaro haimsaidii mhazini kuandika stakabadhi.

Nani aonekane kwenye video?

Wanafunzi wenyewe wakionekana, wenzao wanasikiliza zaidi. Mchungaji au mlezi anaweza kufungua kwa sentensi mbili za baraka, kisha awapishe. Lakini kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wengi wa wanafunzi wa sekondari wako hapo. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa picha na majina ya watu.

Utaratibu wetu ni huu, na hatuulegezi. Kwanza ruhusa ya mkuu wa shule, kwa maandishi, ikitaja siku, mahali na matumizi ya video. Pili, ridhaa ya mzazi au mlezi wa nyumbani kwa kila mwanafunzi atakayeonekana uso, na ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu mzazi anaweza kukubali wakati binti hataki. Tatu, hatuweki jina kamili la mwanafunzi. Nembo ya shule kwenye sweta tunaifunika au tunapiga picha kwa pembe isiyoionyesha. Anayesema baadaye kwamba hataki tena kuonekana, tunaiondoa video bila kumhoji. Mkiona utaratibu huu ni mrefu, tumieni wanachuo waliokwisha fikisha miaka 18 kuigiza nafasi za sekondari.

Tunaweza kurekodi ushuhuda wa mwanafunzi aliyepitia magumu?

Kwa mtoto aliyenyanyaswa, hapana, hata kama anasema yuko tayari, hata kama uso umefichwa. Sauti yake itatambulika bwenini, na hataweza kuirudisha video ikishasambaa. Maumivu ya mtoto si nyenzo ya kufundishia.

Kinachohitajika ni video ya kumfundisha kiongozi afanye nini mwenzake anapomweleza jambo kama hilo, kwa sababu watoto husema kwa watoto wenzao kwanza. Mfundisheni mambo manne: asikilize bila kumhoji kama polisi, asiahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, amfikishie mlezi au mwalimu anayeaminika siku hiyohiyo, asimwambie mwenzake huyo asamehe na kunyamaza. Kama mlezi ndiye mshukiwa, au hakuna anayesikiliza, namba ya simu kwa mtoto ni 116, haitozwi, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Andikeni 116 kwa tarakimu kubwa na iachwe kwenye skrini muda wa kutosha mtu kuinakili. Msamaha una wakati wake, na hauzuii sheria kufanya kazi.

Video moja inaweza kutumiwa na madhehebu yote?

Ndiyo, ikibaki kwenye kazi. Mkoa wa Kilimanjaro una Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Wasabato kwenye darasa moja, na Arusha vivyo hivyo. Ubatizo, siku ya ibada, kunena kwa lugha, nafasi ya Bikira Maria, hayo kila kanisa lina walimu wake. Kutunza hesabu, kusikiliza, kuongoza mjadala wa Biblia na kukabidhi ofisi havina dhehebu. Angalieni pia mambo madogo: namna ya kuomba inayoonyeshwa, nguo za kichungaji, salamu. Tukiigiza kikao cha ushirika wa madhehebu mchanganyiko, tunafungua kwa sala fupi ambayo kila mmoja anaweza kuitikia Amina.

Tutumie Biblia ipi, na muziki upi?

Wengi wanaijua tafsiri ya Muungano (Union Version) ya 1952 na wanaihifadhi moyoni, basi tumieni hiyo, au tafsiri nyepesi zaidi kwa kidato cha kwanza. Onyesheni rejea kwenye skrini na muwaache wafungue wenyewe.

Muziki uwe kidogo. Watu wanadhani wimbo wa injili ni wa bure kwa kuwa unamsifu Mungu. Kwaya iliyoingia studio imelipa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda rekodi yao kama ya msanii mwingine yeyote. Hata tenzi ya zamani ambayo tuni yake haina mwenyewe tena, rekodi yake mpya ina mwenyewe. Ombeni ruhusa ya maandishi, au mchukue kijana mwenye gitaa apige sekunde kumi za mwanzo na mwisho, akiwapa ruhusa. Wakati mtu anaongea, msiweke muziki chini yake. Bwaloni maneno yatamezwa.

Faili ni kubwa, bando linaisha. Tusambazeje?

Kwa mtu anayeongea, ubora wa 720p unatosha. Mkihifadhi kwa kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde, dakika moja inachukua takriban MB 11, hivyo video ya dakika nne ni kama MB 45. Mkishusha hadi nusu megabiti, dakika nne zinakuwa karibu MB 15, na kwenye simu bado zinaonekana vizuri. Tengenezeni zote mbili, nzito ya projekta na nyepesi ya simu. WhatsApp huibana video ikitumwa kama video. Itumeni kama faili ili ifike ilivyo.

Kwa shule, flashi bado ndiyo njia ya uhakika. Hifadhini kwa MP4 yenye H.264 (aina ya kubana video), kwa sababu televisheni nyingi za zamani hazisomi H.265, aina mpya zaidi ambayo simu mpya huirekodi, na flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Majina ya faili yaanze na namba: 01 Muhtasari, 02 Ratiba, 03 Mgeni. Ndani wekeni pia ukurasa mmoja wa mlezi wenye maswali ya mjadala na kazi ya wiki, wa kuchapishwa. Umeme ukikatika katikati, ukurasa huo utamalizia somo.

Tutajuaje kama zinafaa?

Idadi ya waliotazama haisemi kitu. Baada ya wiki tatu mpigieni mlezi na mwulize mambo matatu: kazi ya wiki ilifanyika? Walisimamisha wapi, na kwa nini? Wanafunzi waliuliza nini ambacho video haikujibu? Andikeni majibu kwenye daftari moja. Walezi watatu wakilalamikia sehemu ileile, rekodini upya sehemu hiyo tu, mkitumia anayeongea yuleyule na shati lilelile ikiwezekana.

Kama mnaweza, kaeni nyuma ya darasa siku inapoonyeshwa. Msiangalie skrini, waangalieni wanafunzi. Wanapoanza kunong'onezana, andikeni ni dakika ya ngapi. Kisha muulizeni katibu mpya, mkiwa naye pembeni, awaonyeshe daftari lake la mihtasari.